Habari za mwanangu nilizipata kwa fundi viatu

Mwanzoni mwa 2023 mwanangu alikuwa kidato cha pili, ana miaka 15, na mazungumzo yetu yalikuwa yameisha kabisa. Shule vipi? Poa. Umekula? Ndiyo. Basi. Lakini moyo wangu ulikuwa haujatulia. Alikuwa anaondoka nyumbani giza halijaisha, jioni anasinzia na sahani mkononi, na mwalimu wake wa darasa akanipigia kuniambia kwamba mtoto anachelewa mstarini karibu kila wiki.

Nikapekua simu yake. Akiwa anaoga, nilisoma meseji zote: vichekesho, ubishi wa Simba na Yanga, picha za maswali ya hesabu. Sikuambulia kitu. Yeye akagundua, akaweka namba ya siri, na hata ile "poa" nikawa naipata kwa shida.

Wiki kama mbili baadaye nilipeleka viatu vyake vya shule kwa fundi, mzee mmoja anayekaa jirani na soko pale Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam. Ilikuwa mara ya pili kubadilisha soli tangu shule zifunguliwe Januari. Mzee akakigeuza kiatu, akapitisha kidole kwenye kisigino.

"Mwanangu, huyu mtoto hapandi gari. Kisigino hiki ni cha mtu anayetembea, tena mbali."

Na mimi kila asubuhi nampa nauli! Nilifura. Nilitaka nirudi nyumbani nimsubiri mlangoni. Nadhani mzee aliniona usoni, maana aliniambia taratibu, "Usianze kumuuliza. Kesho toka naye."

Kesho yake saa 11 alfajiri nikavaa raba, nikamwambia, "Leo nakusindikiza." Alisita, ila hakukataa.

Kituoni nikayaona kwa macho yangu. Konda kaziba mlango: "Wanafunzi wawili tu, wameshaingia!" Gari la pili hivyo hivyo, la tatu halikusimama kabisa lilipoona sare. Wakati ule mwanafunzi alilipa shilingi 200 na mtu mzima 500, na konda ana hesabu ya tajiri mwenye gari inayomsubiri jioni. Naielewa shida yake. Lakini nilipomwona binti mdogo wa kidato cha kwanza akisukumwa hadi begi likaanguka kwenye maji machafu, nililia pale pale kituoni. Kwa miaka yote hiyo nimepanda magari hayo hayo saa mbili baadaye, sijui kinachowapata watoto wetu alfajiri.

"Twende tu, Mama," mwanangu akasema.

Tukashika Barabara ya Kilwa kuelekea Mtongani, shule yake ilipo, kwa miguu, malori yanatupita. Mwendo wa kwanza kimya. Kisha akaanza kusema mwenyewe, macho mbele. Kwamba asubuhi hutembea, na ile 200 hununulia mihogo saa ya mapumziko. Kwamba akichelewa anachapwa getini, na siku nyingine hukaa nje mpaka kipindi cha kwanza kiishe, ndiyo maana fizikia haielewi. Mezani nyumbani nilikuwa nimemkazia macho mwezi mzima, na hakunipa hata robo ya hayo.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekwambia, ungesema niamke mapema zaidi."

Sikuwa na jibu. Ni kweli, hayo ndiyo maneno ambayo ningemwambia.

Nilimwomba msamaha kwa ile simu. Asubuhi hiyo hiyo niliingia hadi kwa mwalimu wa darasa, nikamweleza yanayotokea kituoni. Alikuwa hajui. Akaanza kuwauliza wanaotoka Mbagala kabla ya kuwaadhibu, na viboko vya getini vikapungua, ingawa havikuisha.

Magari hayakubadilika. Nilichobadilisha mimi ni Jumatano: kila Jumatano nilitoka naye, tukatembea wote hadi Mtongani, mimi nikarudi na daladala. Sikuuliza maswali njiani. Jumatano ya nne au ya tano, tumekaribia shule, akapunguza mwendo.

"Mama, kidato cha tatu sitaki kuchukua sayansi."

Baba yake alikuwa tayari anamwita daktari mbele za watu. Nilimeza mate, nikahesabu hatua kadhaa.

"Haya," nikasema, "niambie unataka nini."