Nusu siku Tsavo, na simu iliyomezwa na Shetani

Nianze na bei, maana ndiyo iliyonikera mwanzo. Tangazo lilisema shilingi 6,500 kwa kichwa: safari ya nusu siku kwenye mbuga ya Tsavo Magharibi, kutazama miamba ya volkano, kikundi kidogo cha watu sita, mwelekezi mjuzi, chai njiani. Tulipofika Mtito Andei tukaambiwa kiingilio cha getini hakimo humo, watu tumekuwa tisa, na chai kila mtu na mfuko wake. Mwelekezi mjuzi ndiye huyo huyo dereva. Shoga yangu, aliyenitia katika mambo haya, akanambia, "Sasa mwenzangu, umetoka Mombasa kuja kutembea au kuja kugombana?" Nikanyamaza, ila hesabu moyoni haikunyamaza.

Treni siisimulii, nani Mombasa hajaipanda. Tuktuk ya kutoka Kibokoni hadi Miritini nusura ishinde nauli ya treni yenyewe, na mle ekonomi mnakaa mkitazamana, magoti kwa magoti na mtu usiyemjua, mpaka mnaposhuka mmeshakuwa jamaa. Usiku wa Mtito nao ulikuwa wa malori. Mji wenyewe uko kati ya Mombasa na Nairobi, basi kila lori linaona ni haki yake kusimama pale, kushusha pumzi na kuondoka, na chumba chetu kilikuwa upande wa barabara. Chai ya asubuhi: maziwa, majani, sukari, basi. Si iliki, si tangawizi. Nilikuwa nimebeba mahamri ya nyumbani, ndiyo yaliyonisitiri.

Saa kumi na mbili tukaingia garini. Walikuwamo vijana wawili wa Nairobi waliokuwa kwenye fungate au karibu na fungate, mwalimu mstaafu wa Kikamba na mkewe, akina mama wawili wa Voi waliolala tangu gari lilipowashwa, na Mjerumani mmoja mrefu mwenye viatu vya kupandia milima. Mimi nilivaa makubadhi. Hilo mliweke akilini.

Getini noti hazipokelewi, ni kulipa kwa simu, na Mjerumani alipoona sisi tunalipa kwa shilingi na yeye kwa dola, tena mara nyingi zaidi yetu, alitutazama kama tuliomwibia. Nilimwonea huruma. Kidogo.

Wanyama sitawahesabu. Tembo walikuwa wekundu kwa vumbi la Tsavo, pundamilia walikuwa pundamilia, na simba, kizazi cha wale waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898, hawakutuonyesha hata unyayo. Kijana wa Nairobi aliuliza simba mara nne. Mimi kilichonishtua ni ardhi. Tulipokaribia Kilaguni ule udongo mwekundu ulianza kuchanganyika na mweusi, kisha kikatokea kilima cha Chaimu, cheusi tititi, kama rundo la makaa ambalo mtu amelimwaga jana na anakuja kulizoa. Mwalimu mstaafu akasema vilima vyote hivi, na safu nzima ya Chyulu kule nyuma, ni majivu na mawe yaliyotapikwa na ardhi, tena si zamani sana. "Kwa umri wa milima," akasema, "hii ni mitoto ya kunyonya."

Ndipo tukafika Mzima, kwenye chemchemi.

Jina la Mzima nimelisikia tangu utotoni, lakini nililisikia kama unavyosikia jina la babu uliyezaliwa ameshakufa. Marehemu bibi yangu alikuwa akionja maji husema, "Haya ya Mzima," au "Haya ya Marere," kama mtu anayeonja pilau akamjua mpishi. Sikupata kujiuliza Mzima ni wapi. Maji yanatoka mferejini, au hayatoki.

Askari mwenye bunduki alitutangulia kwa miguu chini ya mikuyu na mitende mwitu. Baridi ikatupokea ghafla, baada ya ule ukavu wote, kama umefungua mlango wa friji. Na maji! Mangavu mpaka unaona kivuli cha samaki kwenye mchanga. Kuna chumba kidogo kimezamishwa ziwani, unashuka ngazi, unatazama kupitia madirisha ya kioo. Nilitaraji kiboko anayetembea chini ya maji. Walikuja samaki, wengi, wakajipanga mbele ya kioo wakatutazama sisi. Kiboko alikuwa juu kabisa, upande wa pili, pua na masikio tu, anapumua kwa kishindo.

Dereva wetu, nimtendee haki, hapa alionyesha kwamba ujuzi anao. Alisema Chyulu inapata mvua nyingi lakini haina mto hata mmoja. Maji yote yanazama. Yale majivu na miamba yenye matundu yanayanywa, yanayachuja, yanayapeleka chini kwa chini kilomita nyingi, mpaka yanatokeza hapa, zaidi ya lita milioni 200 kila siku, masika na kiangazi. Yakitoka yanatembea kama kilomita mbili, yakikutana na mwamba mwingine wa lava yanazama tena. Na sehemu yake, akasema akinigeukia mimi na shoga yangu, inaingizwa kwenye bomba, zaidi ya kilomita 200, hadi Mombasa. "Kwa hivyo mama, karibu kwako. Haya ni maji yenu."

Wengine wakacheka. Mimi nilikaa kimya, nikamtazama yule kiboko. Mfereji wetu ulikuwa na wiki ya tatu ukikohoa hewa. Mtungi wa lita 20 nanunua shilingi 30, mtaa ukikauka kabisa unapanda hadi 50, na nyumba yetu ina watu saba. Na huyu hapa kajilaza ndani ya maji yangu, kashiba, wala hana mtungi.

"Nyinyi wa Mombasa afadhali," akasema mmoja wa wale mama wa Voi, ambaye hapo ndipo alipoamka sawasawa. "Nyinyi mwasema hayajafika. Sisi bomba latupita mlangoni, twalisikia likivuma." Tukaanza kulinganisha: ngapi mtungi Voi, ngapi Majengo, ngapi Likoni, nani ana tangi, nani anachota kisimani maji ya chumvi. Dereva alituita mara tatu kurudi garini. Robo saa nzima mahali pazuri kuliko pote nilipowahi kufika, na sisi twazungumza mitungi.

Ilipokaribia saa sita tukafika Shetani. Hiyo nusu siku, kwa mujibu wa tangazo, ilikuwa inakwisha pale pale, na Mtito ilikuwa nyuma yetu zaidi ya saa nzima, lakini hilo nilishaliandika kwenye daftari la moyoni.

Shetani ni mto wa mawe. Sina namna bora ya kuusema. Umeshuka kutoka upande wa Chyulu, mweusi, umejikunja, umepasuka, unang'aa pengine kama lami iliyomwagwa na kuachwa kabla ya kusawazishwa. Kilomita nane urefu, moja na nusu upana. Hakuna nyasi, ila kimti hapa na pale kilichong'ang'ania ufa. Mwalimu alisema ulimwagika kama miaka mia mbili tu iliyopita, kwa hivyo waliouona walikuwa watu kama sisi, wana mbuzi na watoto, na walipoona ardhi inafunguka na moto unatembea hawakuhitaji kamati ya kuupa jina. Wengine husema walikuwapo waliofunikwa, na kwamba ukitega sikio unawasikia. Binti wa Nairobi akamshika mwenzake mkono.

Mimi nikapanda na makubadhi yangu. Mawe yale si mawe, ni misumeno. Hatua ya kumi soli imechanika, buibui limenasa, mkono mmoja umeshika mwamba uliokuwa wa moto kama kikaango, na kwa mkono wa pili, kwa akili zangu timamu, nikatoa simu nimpige shoga yangu picha. Ikaponyoka. Ikagonga, ko, ikagonga tena, ko, ko, ikaingia kwenye ufa, ikanyamaza.

Simu ile nina miezi mitano nailipia kidogo kidogo. Imebaki saba.

Tulichungulia. Kiza. Mjerumani akawasha tochi, akalala kifudifudi juu ya yale mawe bila kuuliza, nikaacha kumwonea huruma kidogo, nikamwonea nyingi. Ufa ulishuka kama urefu wa mkono, kisha ukakata kona. "Ipigie," akasema kijana wa Nairobi. Ikapigwa. Mtandao hakuna, hata alama moja. Akapanda juu ya mwamba akainua simu yake mbinguni kama mtu anayeomba mvua. Hakuna.

Dereva akaja, akatazama ufa, akatazama saa. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Mama, usijali. Si nilikwambia mvua ya huku inapita wapi? Inaingia hapa, inatokea Mzima, inashika bomba, hiyo hadi kwako. Wewe nenda nyumbani uifungulie mfereji."

Watu wakaangua kicheko, na shoga yangu ndiye aliyecheka zaidi. Nikamwambia, "Mwanangu, bomba hilo lina wiki tatu halijaleta maji. Litaleta simu?"

Kwa kuwa gari lilikuwa la wote na joto lilikuwa la wote, minong'ono ikaanza. Mke wa mwalimu alikwenda kukaa kivulini. Mmoja akasema simu ni kitu tu, uhai ndio muhimu, na wanaosema hivyo daima simu zao wanazo mkononi. Dereva akasema dakika tano. Nikakaa chini nikiwa tayari kusalimu amri, nahesabu: miezi saba, picha za harusi ya mwanangu, namba za watu wa kikundi chetu cha kuchangiana.

Ndipo Shetani ikaadhini.

Sauti ilitoka chini ya mawe, nzito, ina mwangwi, Allahu akbar, Allahu akbar, na kwa sekunde mbili hakuna mtu aliyetikisika. Binti wa Nairobi akapiga yowe, akaruka, akamkumbatia mke wa mwalimu. Mimi mwenyewe nywele zilinisimama kabla akili haijafika. Adhuhuri! Programu ya nyakati za swala haina haja na mtandao. Na sauti haikutoka kwenye ule ufa tuliokuwa tunauchungulia, ilitoka tundu jingine, hatua mbili chini, ambalo hakuna aliyelitazama.

"Hapa! Hapa!" Mjerumani, ambaye hakuelewa neno lolote ila alielewa mbio, alikuwa ameshafika na tochi. Kioo kinawaka kule chini. Dereva akakimbia garini, akarudi na waya aliokuwa amefungia bampa, akaukunja ncha kama ndoana. Simu yangu ina kile kipete cha nyuma cha kutia kidole, ambacho mume wangu hukicheka kila siku. Mara ya kwanza waya uliteleza. Mara ya pili ukagusa, simu ikasogea ndani zaidi, nikafumba macho. Muadhini alikuwa amefika hayya alal-falah. Mara ya tatu pete ikanasa, ikapanda taratibu, ikikwaruza, hadi ikatoka na vumbi jeusi, kioo kimepasuka pembeni, na adhana haijakatika.

Mwalimu mstaafu, Mkristo wa watu, akavua kofia akasema, "Leo hata Shetani ameitwa swala." Nikasema astaghfirullah, huku nacheka mpaka machozi.

Dereva nilimpa mia tano juu ya zile 6,500, kwa hiari yangu, na bampa likafungwa kwa kamba ya mzigo wa mama wa Voi. Mtito tulifika saa nane na nusu. Hakuna aliyerejeshewa kitu kwa kuwa tisa badala ya sita, ingawa, kusema kweli, tungekuwa sita huyo Mjerumani huenda asingekuwamo.

Basi la jioni lilitushusha Mombasa usiku. Nilipoingia tu, hata buibui sijavua, nilikwenda jikoni nikafungua mfereji. Ukavuta pumzi ndefu, ukatoa mlio kama wa yule kiboko, ukanyamaza. Mume wangu akauliza nini. Nikamwambia nangoja kitu kutoka Tsavo.

Asubuhi mkokoteni ukapita uchochoroni, mitungi kumi na miwili imepangwa, hamali ni kijana mdogo mwenye sauti ya mnada.

"Arubaini leo, mamangu."

"Jana thalathini."

"Ya Mzima haya, si ya kisima. Matamu."

Nikafungua mtungi mmoja, nikamimina kidogo kiganjani, nikaonja kama alivyokuwa akionja bibi. Chumvi tupu. Nikamtazama, akatazama pembeni.

"Lete miwili," nikamwambia.