Krimu tatu za fangasi
Miaka miwili shangazi alijikuna kimyakimya. Kliniki moja hapa Kampala ilimpa krimu ya fangasi mara tatu bila kumkagua hata siku moja. (Aibu yake na haraka yao zilipatana vizuri sana.) Juzi, hospitali ya Mulago, daktari alikata kinyama kidogo kikapimwa: saratani ya mashavu ya uke. Ya nje, siyo ya shingo ya kizazi. Sikujua hata kama ipo! Kumbe watafiti wanatambua njia mbili za saratani hii kuanza: nyingine huletwa na virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, nyingine huanzia kwenye ugonjwa wa ngozi uliokaa miaka mingi. Yake ni hiyo ya pili. Upasuaji ni Alhamisi. Yeye anauliza tu lini atakaa chini tena asuke mikeka yake.