Siku moja leba, upande wa sindano ya mgongoni

Saa 1:00 asubuhi. Napokea zamu. Wengi hudhani mtu wa usingizi leba anachoma sindano moja mgongoni, basi, kazi imekwisha. Sindano ya epidurali, ile ya ganzi ya kupunguza uchungu, haichukui muda. Kinachokula siku ni kuzuia vijidudu visiingie nayo, na kuvisaka hata baada ya mama kurudi nyumbani. Nakagua epidurali zilizowekwa usiku: kichujio cha dawa kimekazwa kwenye katheta, yaani mrija mwembamba unaobaki mgongoni, plasta haijalowa, ngozi haijawa nyekundu.

Saa 2:30. Ya kwanza. Maswali kabla ya kugusa mgongo: ana homa? Ana kipele au jipu kiunoni? Maambukizi ya damu yasiyotibiwa yanatosha kuahirisha. Kofia, barakoa juu ya pua, pete na saa pembeni, kunawa hadi viwikoni, gauni na glavu zilizotakaswa. Napaka klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu vya ngozi, 0.5% ndani ya spiriti, nasubiri ikauke yenyewe. Hapo kila mtu hukosa subira, na mama ana haki, uchungu ndio huo unakuja. Lakini dawa mbichi haijamaliza kazi yake, tena ikisafiri na sindano inaweza kudhuru neva. Ndiyo maana kikombe chake hakikai trei moja na dawa za ganzi. Kisha sindano ya Tuohy, nene yenye ncha iliyopinda, geji 16, kati ya pingili za kiuno L3 na L4. Bomba la maji ya chumvi linalegea ghafla chini ya kidole gumba: nafasi ya epidurali, nje kidogo ya utando wa uti wa mgongo, imepatikana. Katheta inabaki sentimita 4 au 5 ndani.

Barakoa ya mume inachelewesha kuliko sindano.

“Baba, funika na pua, tafadhali.”

“Daktari, mbona mimi siumwi?”

Si lazima aumwe. Bakteria Streptococcus salivarius hukaa kinywani mwa mtu mwenye afya njema na hutoka na mate anapoongea. Mwaka 2008 na 2009, New York na Ohio, wanawake 5 walipata homa ya uti wa mgongo baada ya ganzi ya mgongoni wakiwa kwenye uchungu, mmoja alifariki. Kule Ohio mchomaji hakuvaa barakoa. Baba anavaa, au anatoka kidogo.

Saa 5:00. Katheta imeachana na kichujio na hakuna aliyeona ni tangu lini. Inatolewa, tunachoma upya.

Saa 8:00 mchana. Joto 38.2 kwa mama mwenye epidurali. Epidurali yenyewe hupandisha joto kwa baadhi ya wanawake bila kijidudu chochote, ila huo ni uamuzi wa mwisho, si wa kwanza. Kwanza tunatafuta maambukizi ya mfuko wa uzazi.

Alasiri inaishia kwa mama mmoja aliyejifungua siku 6 zilizopita. Kaambiwa maumivu ya mgongo ni kawaida baada ya kuzaa. Kweli, mara nyingi ni kawaida. Ila huyu anaonyesha kwa kidole kimoja, pale pale katheta ilipopita, na usiku alitetemeka kwa homa. Jipu la epidurali baada ya kujifungua limekadiriwa kutokea mara 1 katika 145,000, na uchache huo ndio unaofanya lisifikiriwe. Ukisubiri maumivu, homa na udhaifu wa miguu vikutane, umechelewa: usaha hukandamiza neva, na miguu iliyokwisha kupooza si lazima irudi. Damu ya kuotesha vijidudu, CRP (kipimo cha damu cha uvimbe), kisha antibiotiki vankomisini na seftriaksoni, maana mshukiwa wa kwanza ni bakteria Staphylococcus aureus. Hakuna kuchoma kiuno kutafuta maji ya uti wa mgongo, sindano isije ikausukuma usaha ndani. MRI, picha ya sumaku ya mgongo, yenye gadolini, dawa ya kung'arisha picha. Foleni. Napiga simu, naambiwa kesho asubuhi. Napiga tena, namtafuta daktari wa upasuaji wa mgongo aombe yeye. Saa ngapi sasa, hata sijui.

Katikati ya hayo wodi inaita: mama mwingine, kichwa kinamuuma, siku ya pili. Kikipungua akilala, huenda sindano ilitoboa utando wa uti wa mgongo. Kikiambatana na homa, shingo kukaza au kuchanganyikiwa, tunatibu homa ya uti wa mgongo mara moja, na ile tiba ya kuziba tundu kwa damu yake mwenyewe haiguswi.

Makabidhiano ya usiku: MRI imekubaliwa saa 3:00 usiku. Nguvu za miguu zipimwe kila saa, na aulizwe kama amekojoa.