Samaki wa kwenye kopo

Juzi usiku mwanangu wa miaka mitano alichemka.
Kichwa kinauma, nyuma ya macho panauma, hata kubebwa hataki. Nikajua malaria tu.

Leo hospitali: malaria hakuna. Daktari akaandika kipimo kingine.
Dengi. Kidingapopo, ile iliyotusumbua Dar 2014, na tena 2019.

Nikabisha kidogo. "Lakini analala kwenye neti, dokta."
"Na mchana?"

Kumbe mbu anayeeneza dengi, mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana. Dawa ya kuua kirusi chenyewe hakuna. Ni maji mengi na parasetamo. Aspirini na ibuprofeni hapana. Akitapika mfululizo, tumbo likiuma sana au fizi zikitoka damu, mbio hospitali.

Tumerudi, nikazunguka uani. Nyuma ya tangi, kopo tupu la rangi. Maji ya mvua. Viluwiluwi wa mbu wanacheza juu chini.

Nimeliinua tu, sauti hafifu kutoka mkekani:
"Mama, usimwage samaki wangu."

Wiki nzima alikuwa akiwalisha makombo ya mkate.

Nimemwaga. Hajanisemesha mpaka saa hizi.

Wenzangu mliouguza dengi, mtoto alianza kula siku ya ngapi?