Fundi cherehani na vidonge vyake

Saa 11 alfajiri. Nimeshasali, najiandaa kwenda maabara. Siku ya kupima damu dawa ya asubuhi siimezi kwanza, maana takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo niliyopandikizwa, hupimwa zikipita saa 12 tangu dozi ya usiku. Ukitangulia kumeza, majibu yanadanganya. Vidonge natia mfukoni, na chupa ya maji.

Saa 2. Nimetolewa damu, nameza pale pale kibarazani: takrolimasi, maikofenoleti, prednisoloni, losatani ya presha, na Septrin ya kukinga maambukizi. Figo ni ya dada yangu. Tulipasuliwa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa.

Saa 3. Duka langu liko ghorofani, Mkunazini, na siku hizi ngazi zinanikata pumzi. Mteja wa kwanza hakuulizia hata kanzu yake. "Fundi, mbona umepauka? Kunywa choya!" Kila mtu ana dawa ya damu: choya, mchicha, maini. Nashukuru, lakini nakula vizuri, na figo inafanya kazi. Daktari anashuku mfuko wangu wa dawa. Maikofenoleti huzuia chembe za kinga zisizaliane ili zisiishambulie figo, ila haichagui sana: uboho unaotengeneza damu nao hubanwa. Septrin inaweza kufanya hivyo pia, na hata losatani hushusha damu kidogo.

Saa 7. Shemeji kaniletea balungi, eti la kuongeza damu. Balungi! Kwangu ni haramu: hupandisha takrolimasi mwilini mpaka ikaidhuru figo yenyewe. Wanafunzi wangu wamelimaliza, na chumvi juu.

Saa 10 na nusu. Nadarizi kola, simu inalia: daktari. Hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, 9.1, na kwa mwanamume chini ya 13 ni upungufu. Chembe nyeupe nazo zimeshuka, madini ya chuma yako sawa. Maikofenoleti tupunguze, Septrin tusimamishe. Nikauliza, kwa nini nisiongezewe damu tu, yaishe? Kasema damu ya mtu mwengine inaweza kuamsha kingamwili za kuipiga vita figo, kwa hiyo anaiweka mwisho kabisa. Na maikofenoleti nisithubutu kuiacha mwenyewe, mwili usije ukaikataa figo.

Saa 2 usiku. Mke wangu kaniandikia dozi mpya kwa kalamu nyekundu, kabandika mlangoni mwa friji. Kipimo kingine wiki mbili zijazo. Kanzu ya bwana harusi ni kesho, na atakayeishusha ngazi ni mwanafunzi.