Nilivyoiweka sawa Marlin 336 kwa macho ya mtu mzima

Macho ya kijana huruka kati ya vitu vitatu kwa haraka hata ukadhani yanaviona kwa mpigo: mfuo wa kilengeo cha nyuma, ncha ya kilengeo cha mbele, na mnyama mwenyewe. Ukishavuka hamsini jicho linakubali kimoja tu, na mfuo wa nyuma, ulio karibu zaidi na uso, ndio unaogeuka ukungu kwanza. Bunduki yangu ya kuwindia kulungu, Marlin 336, haikuwa na kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa machoni pangu, na karibu kila nilichokiongeza juu yake kimetokana na hilo.

Naishi magharibi mwa Pennsylvania. Nilizaliwa Voi, ambako bunduki niliyoijua ni ile iliyoning'inia begani mwa askari wa Tsavo, na uwindaji Kenya umepigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo asidhani mtu kwamba nilikuja huku na ujuzi wa babu. Nilifundishwa ukubwani na wenzangu wa kazini. Jumamosi inayofuata Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya mwishoni mwa Novemba, siku unapofunguliwa msimu wa kulungu kwa bunduki, wao huingoja kama sisi tunavyoungoja mwezi wa Idi. Kwa ndugu wanaouliza: mwenye kadi ya kijani ya ukaazi anaruhusiwa kununua bunduki. Anajaza fomu ya serikali kuu dukani, rekodi zake zinakaguliwa, ndipo anapewa. Leseni ya kwanza ya kuwinda nayo inataka uwe umepita kozi ya usalama. Tena jimbo hili halikubali bunduki za raifo zinazojipakia zenyewe kwa kuwindia kulungu, na hiyo ni sababu mojawapo ya zile za wenzo, ambazo unapakia kila risasi kwa kuusukuma mpini wa chini na kuurudisha, kuendelea kupendwa huku.

Yangu ni Marlin 336 ya wenzo, ya risasi za kipimo cha .30-30, mtutu wa inchi 20, niliyoinunua imeshatumika. Namba yake ya kiwandani inaanza na 20. Kwa Marlin za miaka ile unazitoa tarakimu mbili za mwanzo kwenye 100 unapata mwaka, kwa hiyo yangu ni ya 1980. Mwaka huo una maana kwangu, kwa sababu kitufe cha usalama kinachopita ubavu hadi ubavu kilikuja miaka michache baadaye. Usalama wa hii yangu ni ile hatua ya nusu ya nyundo, unayoiweka kwa dole gumba: nyundo ikivutwa nusu inakwama hapo, na triga haiiachii. Ilitengenezwa North Haven, Connecticut, kabla Remington, kampuni nyingine ya bunduki, haijainunua Marlin na kukifunga kiwanda mwaka 2011, na kabla Ruger, nao watengenezaji wa bunduki, haijaichukua Marlin pale Remington ilipofilisika mwaka 2020. Kuna watu wanaoabudu alama ya JM, herufi za mwanzilishi John Marlin, iliyogongwa kwenye mitutu ya wakati huo. Mimi nasema chungulia ndani ya mtutu, tazama vichwa vya skurubu kama havijatafunwa na bisibisi. Mengine ni mapenzi.

Rafiki yangu wa Tanga, anayeishi Ohio, alikuwa na jibu tayari: "Kaka, weka darubini upumzike." Na Marlin inaikubali darubini vizuri. Inatupa maganda ubavuni, si juu kama Winchester 94 za zamani, na mgongo wa ile risiva, yaani pande la chuma linalobeba mitambo, ni bapa na una matundu ya skurubu yaliyotobolewa kiwandani. Nikaazima ya kwake yenye darubini nikazunguka nayo kutwa nzima. Nilichokiona ni hiki. Raha ya bunduki hii ni kubebwa kwa mkono mmoja, vidole vikiizunguka risiva, pale uzito unapolala sawa mbele na nyuma. Darubini inakaa hapo hapo, ikakunyang'anya mahali pa mkono. Pili, kitako chake kiliinamishwa makusudi kwa ajili ya vilengeo vya chini. Ukitazama darubini, shavu linaachana na mti na shingo inaanza kutafuta. Tatu, darubini inaifunika nyundo, dole gumba halipati njia, na ukiwa na glavu ndiyo kabisa. Dawa yake ipo, kipande kidogo cha chuma kinachofungwa ubavuni mwa nyundo ili kuirefusha kwa pembeni, na kwa mtu wa darubini sikihesabu kuwa pambo. Kinashikwa na viskurubu vidogo mno. Kikilegea huku unaishusha nyundo juu ya risasi hai, hutapenda.

Anayekaa kwenye dungu pembeni ya shamba la mahindi lililovunwa, akitazama yadi 150, na aweke darubini, tena ndogo na kwa miguu mifupi. Mimi nawinda kwenye vichaka vya milima, humo ndani kulungu akionekana yuko yadi 40 au 60, na hakai kukusubiri.

Basi nikachagua kilengeo cha tundu. Ni kibati kidogo chenye tundu, kinachofungwa nyuma ya risiva, karibu na jicho. Hulitazami tundu, unatazama kupitia ndani yake. Linabaki kama kivuli cha duara na jicho lenyewe linatafuta kati bila kuamrishwa. Lakini kwa mtu wa umri wangu faida kubwa iko kwingine: tundu dogo linachuja mwanga, na vitu vya karibu na vya mbali vinakaza pamoja, kama unapokunja jicho kusoma kibao cha barabarani. Ncha ya mbele, ambayo kwa miaka miwili ilikuwa na manyoya, ikarudi kuwa ncha. Williams wanatengeneza vilengeo hivi, XS wa Texas wanavyo vyenye reli ndefu pamoja, na Skinner wa Montana wana kimoja kifupi cha chuma kitupu, kisicho na vipini wala vifundo vya kunasa matawi. Nilichukua cha Skinner.

Kukifunga si kazi ngumu, ila kunataka vifaa vyake. Bisibisi ya kawaida ina ncha iliyochongoka na hupanda juu ya mfuo wa skurubu; tafuta zile za mafundi wa bunduki, zenye ncha iliyonyooka inayoujaza mfuo wote. Hakikisha bunduki ni tupu: fungua wenzo, tazama, kisha tia kidole uguse. Toa viskurubu viwili vya kuzibia vilivyo nyuma ya risiva, safisha mafuta ndani ya matundu kwa spiriti, weka kilengeo, tia tone la gundi ya skurubu ile ya buluu (nyekundu iache, hiyo ni ya mtu asiyetarajia kufungua tena) na ukaze kwa mkono, si kwa hasira. Kilengeo cha nyuma cha zamani kinatoka kwa kugongwa na kipande cha shaba nyeupe kutoka kushoto kwenda kulia, na mfereji wake unazibwa na kipande cha chuma kinachouzwa kwa kazi hiyo. Usikiache pale ukidhani hakina madhara, maana kinasimama katikati ya njia ya jicho.

Hapo ndipo hesabu ilipoingia, na hii ndiyo sehemu ambayo wauzaji hawaisemi sana. Kilengeo cha tundu kinaweza kukaa juu kuliko kile ulichokitoa, na hata ukikishusha hadi mwisho risasi bado zikapanda. Zangu zilitua inchi 5 juu ya alama kwa yadi 50. Dawa ni kilengeo cha mbele kirefu zaidi, kwa sababu mbele huenda kinyume: ukikiinua, risasi inashuka. Kirefu kiasi gani? Unachukua umbali kati ya vilengeo viwili, kwangu kama inchi 25, unauzidisha kwa kosa, 5, unapata 125. Kisha unagawa kwa umbali wa shabaha kwa inchi. Yadi 50 ni inchi 1,800. Jibu ni 0.069. Vilengeo vya mbele vinauzwa kwa vimo vilivyopimwa hivyo hivyo kwa sehemu za elfu za inchi, kwa hiyo niliagiza kilichozidi changu kwa 0.07 na kikatosha. Mke wangu alipoiona bahasha akaipima mkononi. "Baba Rehema, hii ndiyo umeisubiri wiki nzima? Si hata kucha inaizidi."

Ila kabla ya hesabu hiyo amua kwanza risasi utakayoitumia, kwa sababu ukibadili risasi na mahali pa kutua panabadilika. Kwenye bunduki hizi risasi zinalala ndani ya bomba chini ya mtutu, pua ya moja ikigusa fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) ya iliyo mbele yake, ndiyo maana za .30-30 zina pua bapa. Yenye ncha kali ya chuma usiitie humo kamwe, maana inaweza kuilipua ya mbele. Katikati ya miaka ya 2000 Hornady, watengenezaji wa risasi, walileta yenye ncha ya plastiki laini inayobonyea, na kwa masafa marefu inasaidia. Kwa yadi 60 sikuona haja. Natumia za pua bapa, zenye kichwa cha uzito wa greni 170. Nikizinyoosha zitue kwenye alama kwa yadi 100, kwa yadi 200 zimeshuka karibu inchi 8, na huko mimi sipigi.

Mengine nitayapita haraka. Mpira wa kuvaa kwenye kitako unapunguza teke, lakini unaongeza karibu inchi moja ya urefu, na juu ya koti la Desemba bunduki inakwama kwapani. Nauvaa mezani pa mazoezi na kuuvua kabla ya msimu. Mfuko wa ngozi wa risasi kwenye kitako, kwa anayetumia mkono wa kulia, ukae na risasi upande wa kulia, mbali na shavu. Kamba ya ngozi niliyoizungushia wenzo inalinda vifundo vya vidole kwenye baridi, na nimeona inatosha. Ule wenzo wa duara kubwa kama wa John Wayne, yule wa filamu za cowboy, una maana kwa mwenye glavu nene, kwangu ulikuwa unanasa matawi. Mikono ya alumini, yaani sehemu ya mbele ya kushikia, yenye mashimo ya M-LOK, ya kufungia tochi na vikorokoro, imekuwa mtindo sana miaka hii. Sina ugomvi nayo, ila mti wa walnut hauumi mkono kwenye barafu.

Kitu kimoja kwenye kilengeo sikukijua nilipokinunua: kile kipande cha ndani chenye kitundu kinafunguka kwa kuzungushwa. Sheria hapa inaruhusu kuwinda kulungu kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama, na kwenye giza lile tundu dogo linameza mwanga wote. Nakifungua, nakitia mfuko wa koti wenye zipu, nabaki na pete pana, na kwa yadi 40 hiyo inalenga vizuri kuliko mtu anavyodhani. Jike niliyempata msimu uliopita alitoka kichakani asubuhi mapema, na nilimpiga kwa pete tupu.

Kilichobaki ni triga. Ya Marlin za zamani ina vipande viwili na inacheza mbele na nyuma inapokuwa haina kazi, jambo ambalo halina hatari ila linaudhi. Wild West Guns wa Alaska wanauza seti ya kipande kimoja inayoondoa kucheza huko na kulainisha mvuto, lakini kazi hiyo inagusa ile hatua ya nusu, ambayo kwenye bunduki ya 1980 ndiyo usalama wote ulionao. Hiyo nitampelekea fundi wa bunduki, naye ameshaniambia nije Machi, maana kuanzia Septemba meza yake imejaa hadi sakafuni.