Nilivyoacha kurundika mawazo ya watu nikaanza kuyatumia

Koti langu la jinzi lilichanika kiwiko cha mkono wa kulia, nikalitundika nyuma ya mlango nikisema nitalishona. Likakaa pale miezi mitatu. Miezi hiyohiyo, kila usiku kabla ya usingizi, nilikuwa najilaza ubavu nikipitisha kidole kwenye kioo cha simu na kuhifadhi mambo mazuri ya watu: rafu zilizotokana na masanduku ya mbao, ratiba za asubuhi zilizochorwa kwa kalamu za rangi, barua ambazo mzazi huwaandikia wanawe kila siku yao ya kuzaliwa. Siku moja simu ikaniambia nafasi imejaa. Nilipoingia kufuta nikakuta picha na skrinshoti zaidi ya 600, na kati ya hizo 11 zilikuwa za nguo zilizotiwa viraka kwa ustadi. Koti lilikuwa bado nyuma ya mlango.

Niliketi kitandani nikazipitia moja moja. Nyingi sikukumbuka kabisa nilizipendea nini. Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kikinipata: nikiona kitu kizuri moyo unachangamka, nabonyeza kuhifadhi, na ule mchangamko wenyewe unanitosha. Nalala nikijihisi nimefanya jambo, kumbe mikono haijagusa kitu.

Sisemi kuhifadhi ni kubaya. Watu wamekuwa wakinakili mawazo ya wenzao tangu karne nyingi kabla ya simu. Mwanafalsafa wa Uingereza John Locke alikuwa na daftari la kazi hiyo, na mwaka 1686 alichapisha namna yake ya kupanga fahirisi: kila mada anaiweka kwa herufi ya kwanza ya neno lake kuu na irabu inayoifuata, ili aipate haraka akiitafuta. Mwanasosholojia wa Ujerumani, Niklas Luhmann, aliyefariki 1998, aliacha makasha yenye kadi zipatazo 90,000. Nilipozisoma habari zake, wingi wa kadi haukunishtua kama jambo jingine: mawazo aliyoyasoma aliyaandika upya kwa maneno yake mwenyewe, kisha akaziunganisha kadi na nyingine zinazohusiana nazo. Mimi nilikuwa na picha 600 zisizo na neno langu hata moja.

Nikaanzia hapo. Kila picha niliyotaka ibaki niliiandikia sentensi moja: nitaitumia wapi, au imenifikirisha nini. Ikinishinda sentensi, naifuta. Kazi hiyo ilinichukua jioni mbili na zikabaki kama 40. Kufuta nyingine kuliniuma, hasa zile za nyumba nzuri nzuri, lakini sikuwa na la kuziandikia. Kisha nikajiwekea wazo moja kwa wiki, si zaidi, na lazima lifanyike kabla wiki haijaisha, hata kama litafanyika vibaya.

La kwanza likawa koti.

Kati ya zile picha 11 nikachagua moja: mistari ya uzi mweupe juu ya kitambaa cha rangi ya nili, imepangwa kama matone ya mvua. Mwenye kazi alikuwa ameandika chini yake neno moja, sashiko. Nikalifuata neno hilo. Ni mshono wa Japani uliokua enzi za Edo, kati ya 1603 na 1868, kwa watu wa mashambani ambao nguo mpya haikuwa rahisi kupatikana. Walikuwa wakipandanisha vitambaa vilivyochakaa na kuvishona pamoja ili vidumu na vitie joto. Maana ya neno lenyewe ni michomo midogo. Nilipoutazama kwa karibu nikaona si mshono mgeni hata kidogo: ni bandi, ileile anayoipiga fundi kushikiza nguo kabla ya kupitisha cherehani. Tofauti ni kwamba bandi ya fundi hufumuliwa kazi ikiisha, hii inaachwa ionekane. Wazo hilo nililipenda sana, kwamba mshono uliozoea kuondolewa umepewa nafasi ya kubaki.

Nikakata kipande cha suruali kuukuu, nikakiweka upande wa ndani wa kiwiko na kukishikiza kwa pini. Nikapiga mistari kwa chaki na rula, nusu sentimita kutoka mmoja hadi mwingine. Nikatunga uzi mzito wa pamba kwenye sindano ndefu, nikaanza kupiga bandi, naingia natoka, naingia natoka, mistari 14. Nilipolivaa mkono ukawa umevutika. Kiwiko kilijikunyata kama karatasi iliyolowa kisha ikakauka, na nikikunja mkono nahisi mshono unanikatalia.

Zamani ningelirudisha nyuma ya mlango. Safari hii nikakipiga picha kiwiko, nikamtumia mwenye ile kazi ya sashiko, mwanamke ambaye sikumjua, nikamwandikia: "Habari dada. Nimejaribu mshono wako na nguo imejikunyata. Nimekosea wapi?" Alinijibu siku hiyohiyo. "Hongera kwa kuanza, ndugu yangu. Uzi umeuvuta mno. Kila unapogeuka kuanza mstari mpya, usivute mpaka mwisho, acha kitanzi kidogo upande wa nyuma. Ukimaliza mistari mitatu, nyoosha kitambaa kwa vidole ndipo uendelee."

Nikafumua yote 14 na kuanza upya. Vile vitanzi vidogo vilivyobaki nyuma ya kitambaa, ambavyo kwenye picha yake havionekani kwa sababu picha inaonyesha mbele tu, ndivyo vinavyoipa nguo nafasi ya kukunjika. Ningetazama picha ile mwaka mzima nisingeviona. Nilihitaji kwanza kukosea, kisha nikahitaji mtu.

Hayo yalinifunza upande wa kuchukua. Upande wa kutoa ulinifunza kwa uchungu zaidi.

Katika zile ratiba za asubuhi nilizozihifadhi kulikuwa na moja ya watoto, imechorwa mswaki, kitanda kilichotandikwa, begi la shule na viatu, ili hata mtoto asiyejua kusoma aifuate. Nikaituma kwenye makundi matatu ya WhatsApp. Kabla ya kuituma niliikata kona ya chini, kwa sababu kulikuwa na maandishi niliyoyaona kama yanaiharibu picha. Maandishi yale yalikuwa jina la mchoraji. Ratiba ikasambaa, watu wakanishukuru mimi, na mimi nikapokea shukrani. Baada ya wiki kadhaa nikapata ujumbe: "Samahani dada, nimefurahi kuona watu wanaipenda ratiba yangu. Niliichora usiku, wanangu wakiwa wamelala. Naomba tu jina langu lirudi mahali pake."

Hakunitukana wala hakunitisha. Niliusoma ujumbe ule mara nyingi na sikupata usingizi mzuri siku hiyo. Asubuhi nikamwomba radhi, nikarudi kwenye makundi yote matatu, nikaeleza kwamba kazi si yangu, nikatuma ile kamili yenye jina lake. Lakini picha niliyoikata ilikwisha kutoka mikononi mwangu. Mpaka leo najua inazunguka mahali bila jina, na mkasi ulikuwa wangu.

Nilijisomea kidogo kuhusu haki za waandishi na wasanii. Msingi wake mkubwa kimataifa ni Mkataba wa Berne wa 1886, na chini yake mtu hahitaji kusajili kazi yake popote ili iwe yake. Akishaiumba ni yake. Kwa hiyo picha kuwekwa hadharani mtandaoni si ruhusa ya kuichukua. Kwa wale wanaotaka kazi zao zitumike kwa uhuru kuna leseni za Creative Commons, zilizotolewa mara ya kwanza 2002. Nyingi ya leseni hizo zinakuomba mambo mepesi: mtaje mwenye kazi, weka kiungo cha ilikotoka na cha leseni yenyewe, sema kama umebadilisha chochote. Baadhi zinazuia matumizi ya biashara au zinazuia kubadilisha kabisa, kwa hiyo soma kabla ya kutumia.

Ila mimi, hata bila sheria, ningebadilika kwa ajili ya kile kiwiko. Jina la mtu likiwa chini ya kazi, anayekwama ana mahali pa kuuliza. Kama mtu angekuwa amelikata jina kwenye ile picha ya mshono kama nilivyolikata mimi kwenye ratiba, nani angeniambia habari ya vitanzi? Mzazi aliyepokea ratiba kutoka kwangu akaona mtoto wake haifuati, angemuuliza nani? Angeniuliza mimi, na mimi sikujua lolote.

Siku hizi picha isiyo na jina naitafutia kwao kwanza. Unaweza kuipandisha picha yenyewe kwenye TinEye, tovuti ya kutafuta picha ilikotoka, iliyoanza 2008, au kutafuta kwa picha kupitia Google, na mara nyingi utaiona ilipotokea zamani zaidi, na jina bado lipo. Ukurasa ukiwa umefutwa najaribu Wayback Machine ya Internet Archive, inayotunza nakala za kurasa za zamani. Nikikosa kabisa, sitoi picha. Naeleza wazo kwa maneno yangu na kusema nililiona mahali nisipoweza kupataja.

Maneno ya hekima yana shida yake. Niliwahi kuituma ile kauli maarufu ya kuwa wewe mwenyewe mabadiliko unayotaka kuyaona duniani, nikaweka jina la Gandhi chini yake. Binamu yangu mdogo akauliza kwa upole, "Aliandika wapi, dada?" Nikaenda kutafuta nikiamini nitamletea jibu kwa dakika tano. Kauli ile haimo katika maandishi yake. Kuna makala ya 1913 ambamo Gandhi aliandika wazo linalokaribiana nalo, kwamba mtu akijibadilisha nafsi, na mwelekeo wa dunia kwake hubadilika. Makala ile ni ndefu zaidi na nzito zaidi kuliko ile kauli fupi, na nisingeifikia kama binamu asingeuliza. Nikamshukuru mbele ya kundi zima.

Kuna jambo jingine lililonisaidia, nalo ni kutoka nje ya uzio wangu. Programu za simu zinakuletea zaidi ya kile ulichokitazama jana. Ukipenda viraka, utaletewa viraka mpaka uchoke. Kwa hiyo mara kwa mara natafuta kwa makusudi kazi ya watu nisiohusiana nao: marubani, wafugaji nyuki, wauguzi. Kwa marubani nilikutana na orodha za ukaguzi. Mwaka 1935 ndege ya majaribio ya Boeing ilianguka huko Marekani kwa sababu kifungio cha usukani hakikufunguliwa kabla ya kuruka, na baada ya ajali ile marubani wakaanza kutumia orodha iliyoandikwa badala ya kutegemea kumbukumbu. Miaka mingi baadaye madaktari walilichukua wazo hilohilo, na mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani likatoa orodha ya usalama wa upasuaji yenye vipengele 19.

Nilipoisoma nilimfikiria mama. Mama huenda kliniki kila mwezi, na kila mara tukirudi tunakumbuka njiani swali tulilosahau kuuliza. Nikachukua kadi ngumu, nikaandika: dawa zote anazotumia na kipimo chake, kilichobadilika tangu mwezi uliopita, maswali matatu, si zaidi, tarehe ya kurudi. Mama aliishika, akavaa miwani, akaisoma yote, akasema, "Hii itakaa kwenye pochi yangu mimi, si yako." Nilipowatumia ndugu zangu, nikiwaeleza kwamba mzizi wake ni kwa marubani, dada mkubwa akaongeza mstari ambao sikuufikiria: nani atasikiliza na nani ataandika. Mstari huo sasa ndio wa kwanza kwenye kadi.

Nikituma kitu siku hizi natuma na nilichokipata nilipojaribu, pamoja na kilichoharibika. Picha ya koti niliituma zikiwa mbili, kiwiko kilichojikunyata na kiwiko kilichotulia, jina la aliyenifundisha juu kabisa, na maelezo ya vitanzi. Ilipendwa na watu wachache kuliko ile ratiba niliyoikata jina, lakini wanne waliniandikia kuuliza ukubwa wa sindano, na hilo kwangu lina uzito zaidi.

Mmoja wa hao wanne aliniletea picha wiki iliyopita. Ni begi la shule la mwanawe, chini limetobolewa na vitabu, naye ameweka kiraka na mistari ya uzi wa rangi ya machungwa. Juu ameandika jina la yule mwanamke, kisha langu, kisha lake. Anasema turubai la begi ni gumu, vitanzi vilikuwa vinakwama na kukatika ndani kila mtoto anapoingiza kitabu, kwa hiyo ameshona kitambaa chepesi juu yake kuvifunika. Nimeipeleka picha kwa mwalimu wangu wa mshono. Amejibu kwamba kuna mkoba wake wa zamani uliokuwa unakata vitanzi hivyohivyo na alikuwa ameuacha, na ameomba aulizwe mwenye begi ametumia kitambaa gani.